Kinyozi na Ajinyoe

Karatasi yenyewe bado ninayo. Ni nyeupe, ina duara jeusi katikati, na ndani ya duara kuna matundu matatu yaliyobanana kama mafiga yasiyoachiana hata nafasi ya kuni. Fundi bunduki alinikabidhi karatasi hiyo pamoja na bunduki, nikalipa dola 310, nikaondoka na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Wiki tatu baadaye nilimpiga kulungu jike tumboni.

Nieleze kwanza nilifikaje huko, maana najua msomaji aliye Morogoro au Kisumu anajiuliza binti wa Kihonda anatafuta nini kwenye bunduki. Nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa wanyamapori mjini Missoula, magharibi mwa jimbo la Montana, Marekani. Huku uwindaji si starehe ya tajiri aliyekodi kitalu. Anawinda mwalimu, anawinda muuguzi, anawinda fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki letu. Tangu mwaka 1937 kuna sheria inayotoza kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki za kuwindia na risasi zake, na fedha hizo hurudi majimboni kuhifadhi wanyama. Kwa hiyo ukitaka kuandika tasnifu kuhusu uhifadhi wa Montana, unaandika kuhusu wawindaji, na mimi sikutaka kuwaandika kutoka maktaba. Nilisoma kozi ya usalama ya wawindaji, ambayo huko ni lazima kwa kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985, nikapata leseni. Leseni hiyo ndiyo inayomruhusu mwanafunzi mgeni mwenye viza kama yangu kushika bunduki bila kuvunja sheria ya nchi. Na kusema kweli kulikuwa na suala la nyama pia. Posho ya mwanafunzi na bei ya nyama ya ng'ombe Missoula havijawahi kupatana.

Mwenzangu tunayepanga naye nyumba aliniazima bunduki ya marehemu babu yake, inayotumia risasi za .30-06, zile zilizopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na ambazo hadi leo zinauzwa mpaka kwenye maduka ya majembe. Bunduki ilikuwa inatawanya. Unapiga tano, zinasambaa kwenye karatasi kama vifaranga vilivyoona mwewe. Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: mpelekee fundi. Wengine waliniambia kwa Kiingereza kitu kile kile ambacho shangazi zangu wangenieleza kwa Kiswahili, kwamba kinyozi hajinyoi.

Nikampelekea. Sikuuliza atafanya nini. Aliniambia ataitengenezea kitanda, nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Baada ya yule kulungu ndipo nilipojua. Tulimfuata kwa matone ya damu juu ya theluji mpaka saa kumi na moja jioni, giza likatukatisha. Tulimkuta asubuhi, koyoti wameshafika kabla yetu. Sitaandika zaidi kuhusu asubuhi ile. Wiki iliyofuata nilikwenda uwanja wa shabaha, nikaweka karatasi mita 100, nikapiga risasi kumi nikiwa nimeegemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Zilikusanyika vizuri kiasi, lakini sentimita 11 kulia kwa pale nilipolenga. Kwa mita 160, umbali aliokuwa yule mnyama, hiyo ni karibu sentimita 18. Alikuwa amesimama kichwa kikiwa kushoto kwangu. Fanya hesabu mwenyewe.

Fundi hakuniibia. Nilimrudia nikiwa nimevimba kwa hasira, akaniuliza swali moja: unapigia risasi gani? Zangu zilikuwa za gramu 9.7, nilizinunua kwa sababu zilikuwa zimepunguzwa bei. Yeye aliijaribu bunduki kwa za gramu 11.7 zilizokuwa kwenye rafu yake, akairekebisha darubini kufuatana na hizo. Risasi mbili zenye uzito tofauti hazitoki kwenye mtutu kwa kasi moja, wala mtutu hautikisiki namna moja zinapopita, kwa hiyo si lazima zitue mahali pamoja. Mwindaji yeyote aliyewahi kuishughulikia bunduki yake mwenyewe analijua hilo kabla hajafika mwisho wa pakiti ya kwanza. Mimi nilikuwa na karatasi.

Hoja yangu ni hii, na sitaizungusha: mtu anayewinda na aifanye mwenyewe kazi ya kuitia bunduki yake shabaha. Asimwajiri fundi kwa kazi hiyo hata kama fundi ni hodari, hata kama ni rahisi, hata kama ana fedha. Ujuzi wa ile kazi ndio unaohitajika porini, na ukimlipa mwingine aifanye, ujuzi unabaki dukani kwake nawe unaondoka na chuma.

Najua jibu litakalokuja kwanza, kwa sababu nilipewa uso kwa uso na mzee mmoja pale uwanjani, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja na chupa ya kahawa. Alisema tatizo langu halikuwa fundi, tatizo ni kwamba sikuijaribu bunduki baada ya kuichukua. Ni kweli kabisa. Sijitetei, kidole kilikuwa changu na mnyama yule ni wangu. Lakini nilimuuliza, na nauliza tena hapa: kwa nini sikuijaribu? Mimi si mvivu. Ninaamka saa kumi usiku kupima kinyesi cha wanyama kwa ajili ya maabara. Sikuijaribu kwa sababu nilikuwa nimelipa. Risiti ina dawa ya usingizi ndani yake. Mtu aliyekaza skrubu mwenyewe ana wasiwasi nazo; atakwenda kuzijaribu, atarudi, atazikagua tena. Aliyelipa dola 310 anahisi wasiwasi wake umeshachukuliwa na mtu mwenye leseni ya biashara ukutani.

Halafu hiyo karatasi ya matundu matatu. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo usomi wetu unapopaswa kutusaidia na hautusaidii. Nilikuwa muhula ule ule nasoma takwimu za kibiolojia. Kama ningempelekea msimamizi wangu tasnifu yenye sampuli ya wanyama watatu angenirudishia bila kufungua ukurasa wa pili. Lakini matundu matatu kwenye karatasi niliyapokea kama hati ya kiwanja. Usiku mmoja nilifungua kompyuta, nikaandika programu fupi ya kurusha risasi za kubuni, maelfu kwa maelfu, kutoka bunduki moja isiyobadilika. Makundi ya risasi tatu yalitoka ya kila namna: mengine yamebanana ajabu, mengine yametanuka mara tatu yake, na bunduki ni ile ile. Na kwa wastani, upana wa kundi la risasi kumi ulikuwa takriban mara 1.6 ya upana wa kundi la risasi tatu. Maana yake, bunduki inayojivunia sentimita 2.5 kwa tatu ni bunduki ya sentimita 4 ukiipigisha kumi. Hakuna aliyedanganya hapo. Ni kwamba risasi tatu hazijapata nafasi ya kukuonyesha tabia ya bunduki.

Sasa fikiria biashara yote imejengwa juu ya karatasi hizo. Mteja analeta bunduki inayotawanya, amepiga tatu mbaya. Fundi anafanya kazi, anapiga tatu, zinatoka nzuri. Je, kazi ndiyo iliyosaidia, au zile tatu za kwanza zilikuwa za bahati mbaya na hizi za bahati nzuri? Mteja hawezi kujua. Na, jambo lililonishtua zaidi, mara nyingi hata fundi hawezi kujua, kwa sababu hana muda wala risasi za kupiga kumi kabla na kumi baada kwa kila bunduki iliyoko foleni. Mwenye muda huo ni mmoja tu, mwenye bunduki.

Mwaka wa pili nilinunua ya kwangu, kuukuu, mbao yake imekwaruzwa kana kwamba ilitumika kuchochea moto. Mbao ndiyo ile sehemu unayoishika na kuiegemeza begani, na mwili wa chuma umekaa ndani yake kwa skrubu mbili tu. Niliipiga kumi kwanza, bila kugusa kitu. Sentimita 9 kwa mita 100. Nikaandika kwenye daftari.

Kisha nikafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama tunavyofundishwa kwenye majaribio, na kila baada ya kitu kimoja nikapiga kumi tena. Nilianza na skrubu. Ya mbele ilikuwa imelegea kiasi cha kugeuzwa kwa kucha. Nilinunua spana ndogo ya kupimia nguvu kwa dola 45, nikazikaza zote mbili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, na zile zinazoshika darubini pia. Sentimita 6.5. Kwa bisibisi! Nakumbuka nilikaa kwenye benchi nikiitazama ile karatasi, nikafikiria ni watu wangapi wameshalipa mamia ya dola kwa ajili ya skrubu iliyolegea, na wakapewa, pamoja na skrubu iliyokazwa, kitanda kipya, mtutu uliong'arishwa na karatasi ya matundu matatu.

Baada ya hapo nikachukua noti ya dola moja, nikaipitisha kati ya mtutu na mbao. Ndiyo njia ya zamani kuliko zote: noti ipite kutoka mdomoni hadi karibu na chemba bila kukwama. Yangu ilikwama upande wa kushoto. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, ikaegemea mtutu, na mtutu unaoguswa upande mmoja hutikisika tofauti ukiwa baridi na ukiwa moto. Nikafunga msasa kwenye kipande cha ufito, nikakwangua jioni mbili, noti ikapita. Nikasafisha mtutu kwa dawa ya kuondoa shaba mpaka kitambaa kikaacha kutoka na rangi ya bluu. Kusafisha hakukubadilisha kitu chochote nilichoweza kupima, na nimeandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Kitanda nilikiacha mwisho. Ni gundi ya epoksi inayomiminwa kwenye mbao pale mwili wa chuma unapokaa, ili chuma kijichoree kiti chake chenyewe kisichocheza. Hatari yake ni moja: ukisahau kupaka kizuizi, gundi inashika chuma na mbao milele na una rungu la bei ghali. Kizuizi wanachotumia wengi ni kiwi, kiwi hii hii ya viatu, isiyo na rangi. Nilipaka mara tatu, nikaziba kila tundu kwa utepe, nikamimina, nikalala vibaya. Asubuhi kikafunguka kwa mlio kama wa mfuniko wa sufuria. Nilimpigia baba kumwambia nimeipaka bunduki kiwi. Alicheka mpaka akakohoa.

Baada ya yote hayo, sentimita 5. Usiniulize kuhusu karatasi ya kutundika ukutani, sina. Nina bunduki ya sentimita 5 kwa risasi kumi, na najua kila nusu sentimita imetoka wapi.

Na bado sijataja kilichonisaidia kuliko vyote, ambacho hakiuzwi na fundi yeyote. Mwenzangu alichanganya risasi bandia na za kweli kwenye bunduki bila mimi kuona. Nikavuta kifyatulio, bunduki ikalia ka, na sote wawili tukaona mtutu ukichovya chini kama kichwa cha kuku anayedonoa. Nilikuwa naogopa teke la bunduki kabla halijaja. Wiki nzima nilifanya mazoezi ya kuvuta kifyatulio chumbani, bunduki tupu, imekaguliwa mara mbili, risasi ziko chumba kingine, sarafu imelazwa juu ya mtutu isianguke. Ningelipeleka wapi tatizo hilo? Ningeweza kuibadilisha bunduki mara nne, kila mara kwa fundi aliye ghali zaidi, na ule mtutu ungeendelea kudonoa.

Kuna mahali sijinyoi, na nitapataja ili asije mtu akalipuka usoni kwa ajili ya makala yangu. Risasi ya .30-06 huzaa ndani ya chemba shinikizo linaloruhusiwa kufika takriban mara 4,000 ya hewa tunayovuta, na sentimita chache kutoka hapo kuna jicho lako. Kufunga mtutu mpya, kupima kina cha chemba, kukereza mdomo wa mtutu, kugusa vyuma vya ndani ya kifyatulio: hizo ni kazi za mwenye mashine ya kukerezea vyuma na vipimo vyake, na aliyekosea mara nyingi akiwa chini ya fundi mwingine. Wanaoniambia kwamba hapo hoja yangu imejikwaa nawajibu kwa mfano. Daktari wa tiba Franklin Mann, wa Massachusetts, alitumia miaka mingi na fedha zake mwenyewe kutafuta kwa nini risasi haziendi mahali pamoja, akachapisha kitabu mwaka 1909 ambacho wapenda shabaha bado wanakisoma. Hakuwa fundi bunduki. Mitutu yake mizuri aliichukua kwa Harry Pope, mtengenezaji aliyesifika kuliko wengine wa wakati wake. Alimwachia Pope kukata chuma. Kupima, kuuliza na kuelewa hakumwachia mtu.

Hasira yangu, lakini, haijatoka Montana peke yake. Baba yangu ni fundi cherehani. Hashoni, anatengeneza mashine. Nimekulia chini ya meza yake. Akina mama walikuja na mashine zimefungwa kwenye kanga, imekufa fundi, imekufa kabisa. Yeye anafungua kile kibati cha chini, anatoa nyuzi zilizojazana kama kiota, anaigeuza sindano iliyowekwa kinyume, matone mawili ya mafuta, mashine inaimba. Halafu anamkalisha mteja, anamwambia sasa fanya wewe nione. Hatozi. Mama alikuwa akinuna jioni nzima. Baba anasema mteja anayejua kuweka sindano atakuja siku mashine ikiwa imeharibika kweli, na siku hiyo watazungumza kama watu wazima.

Nikapelekwa shule ili mikono yangu isinuke mafuta ya mashine. Wengi wenu mnaosoma hapa mlipelekwa kwa sababu hiyo hiyo. Tumehitimu tukiwa tunajua kuandika pendekezo la utafiti na hatujui kubadilisha plagi ya pasi, na hilo tumelifanya cheo: mtu wa maana ana fundi wake. Nilipotuma picha ya mikono yangu yenye epoksi kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania tunaosoma huku, kaka mmoja, mwenye shahada mbili, aliandika: dada, umekwenda kusoma au umekwenda gereji? Watu kumi na saba waliweka alama ya kucheka. Niliacha tu. Ila wote kumi na saba wanaendesha magari yenye umri wa kuoa, na kila mwezi mmoja wao anaomba mchango kwa sababu fundi amemwambia kitu ambacho hakuweza kukipinga.

Siku ile ya koyoti nilimpigia baba, nikamweleza yote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona sauti imekauka?"

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea ataniuliza bei. Akaniuliza: "Wakati anaifungua, ulikuwepo?"

"Sikuwepo, baba."

"Sasa ikilegea utajuaje?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo sababu majira ya joto yaliyofuata yaliisha nikiwa na msasa mkononi.

Novemba iliyopita alitokea kulungu dume ukingoni mwa msitu, mita 240, amejiweka upande mzima, na upepo unavuma kutoka kulia. Daftari langu lilikuwa na karatasi za mita 200 na hakuna hata moja ya 240. Nilimtazama kwenye darubini mpaka akaondoka. Mwenzangu aliguna. Siku nne baadaye, mita 110, jike. Alitembea hatua zisizozidi ishirini. Nyama iko kwenye friza, na mguu mmoja tuliula na ugali wa unga wa mahindi tulioupata kwenye duka la Wameksiko, ambao si sembe lakini unavumilika.

Bunduki kwa sasa iko kwa fundi, yule yule. Nilipiga kumi mwezi uliopita zikatanuka hadi sentimita 7, nikakagua skrubu, nikapitisha noti, nikabadilisha darubini na kuirudisha, haikubadilika. Nikaukagua mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia nikaona pamemeguka kidogo, labda ile siku nilipoteleza kwenye barafu. Nilimpelekea pamoja na daftari. Alifungua kurasa moja moja bila kusema kitu, akakubali kuukereza mdomo Alhamisi baada ya kipindi changu cha maabara, niwepo. Nitakwenda na pakiti mbili za risasi zangu.